Dereva Alivyomjibu Bingwa wa Sarufi

Kisanskriti ni lugha ya sala na vitabu vya kale vya India, hilo wengi tunalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba hata lugha hiyo tukufu ilikuwa na vijiwe vyake.

Kuna kisa ambacho Patanjali, mtaalamu aliyeishi yapata mwaka 150 kabla ya Kristo, alikitia katika ufafanuzi wake wa sarufi ya Panini. Bingwa mmoja wa sarufi anauliza: nani mwendeshaji wa gari hili la farasi? Anatumia neno "praveta". Dereva anajibu kuwa yeye ndiye "prajita". Bingwa anang'aka: neno hilo si sahihi! Basi jamaa anamrudi papo hapo: mzee, wewe unajua kanuni zinavyoruhusu, ila hujui watu wanavyopenda kusema. Na Patanjali, pamoja na usomi wake wote, anampa ushindi dereva.

Kisa hiki kimenikaa rohoni kwa sababu nina mswada wa riwaya, kurasa 200 na ushee kwa mkono, niliouanza baada ya kumaliza kidato cha nne. Mhariri mmoja aliurudisha umejaa wino mwekundu kila mahali wahusika wangu wanapofungua kinywa. Konda wangu alisema, "Oya, sogea, siti ipo nyuma." Mhariri akamsemesha: "Tafadhali songa nyuma, ndugu abiria." Jamani! Konda gani huyo?

Angemsoma Kalidasa. Katika tamthilia yake ya Shakuntala, mfalme Dushyanta anasema Kisanskriti safi, lakini Shakuntala mwenyewe, mvuvi aliyekuta pete tumboni mwa samaki, na askari waliomkamata, wote wanasema Kiprakriti, yaani lugha za watu wa kawaida. Kweli, desturi hiyo ya jukwaani ilikuwa na dharau ndani yake, maana kwa kawaida wanawake na watumishi ndio walionyimwa lugha ya mabwana. Lakini mvuvi alisema kama mvuvi, wala sijasikia mtu akidai Kalidasa hakujua lugha.

Halafu misemo yao sasa! Hapo ndipo nilipokesha. Wanaunganisha maneno mpaka kisa kizima kinaingia katika neno moja. "Kupamanduka" ni chura wa kisimani, mtu anayedhani kisima chake ndio dunia yote. "Kakataliya" ni kunguru na mvumo: kunguru anatua mtini, na tunda linaanguka wakati huohuo, basi jambo likitokea kwa sadfa tu, wanalitaja kwa neno hilo. Ninaoupenda zaidi (na unaonitisha kidogo) ni ule wa mdudu anayetafuna mbao, akaacha alama inayofanana na herufi bila yeye kujua kuandika. Waandishi chipukizi mpo? Kisima, mti, mdudu wa mbao. Hakuna hata mmoja hapo uliochotwa ikulu.

Kurasa zile nyekundu nimezinakili upya zote, na konda amerudishiwa "oya" yake. Mswada unakwenda kwa mchapishaji mwingine Jumatatu. Pesa ya stempu ninayo, ninatafuta bahasha kubwa tu.