Siku yetu ndani ya Liemba

Mlituomba tuwasimulie safari yetu ya Kigoma. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo tunachagua siku moja tu: ile siku ya pili ya mwezi wa nane 2016 (wenyeji wa huko wanasema Jumanne), tulipoingia ndani ya Liemba ikiwa imefungwa bandarini.

Tulikuwa wamama saba na watoto watatu. Tuliteremka kwa njia ya Kamanyola mpaka Uvira, tukapita Bujumbura, tukavuka mpaka wa Manyovu, na tukaingia Kigoma tukiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Sababu ya safari mnaijua: mwenzetu mmoja alikwenda kumwona mdogo wake, aliyebaki upande huo tangu vita ya 1996. Sisi tulimsindikiza. Jina lake hatuandiki, yeye mwenyewe ameomba hivyo. Tutamwita Mama Mkubwa, maana anatupita sisi wote kwa miaka.

Meli ilikuwa inaondoka siku ya tatu, ndiyo sababu siku ya pili tulikubaliwa kuitembelea. Mlangoni mwa bandari askari alifungua kitabu akaandika majina yetu, moja moja, hata ya watoto. Sisi tuliona ni kazi ya kuchosha. Mama Mkubwa peke yake aliinama akatazama kama jina lake limeandikwa vizuri.

Kwa mbali Liemba si kitu cha kushangaza: meli nyeupe, ndefu kidogo kuliko mita 70, na kutu hapa na pale. Lakini sisi tunaofundisha hatukuweza kunyamaza mbele ya watoto. Meli hii ilitengenezwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya masanduku kama 5,000, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa treni mpaka Kigoma. Hapo ikaunganishwa upya, msumari kwa msumari, ikateremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen.

Ilikuwa vita ya kwanza ya dunia. Wabelgiji, waliotawala Kongo yetu, walileta ndege mpaka kwenye ziwa na kuipiga mabomu. Wajerumani walipoona wanashindwa, waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, lakini kwanza wakapaka mashine mafuta mazito zisioze. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa majini, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Kwa hiyo siku ile tulikuwa tunakanyaga chuma kilichozama miaka 100 nyuma na wakati ule bado kilikuwa kinabeba watu mpaka Mpulungu, Zambia. Mtoto mmoja akauliza: «Mwalimu, sasa mbona baiskeli ya baba imekufa kwa miaka miwili?» Tukamjibu: baba hakuipaka mafuta.

Kijana mmoja wa kazi za meli alikuja kutuongoza. Alimsalimu Mama Mkubwa: «Shikamoo, mama.» Naye akajibu: «Ndiyo, jambo sana, mtoto wangu!» Kijana akacheka, sisi tukacheka. Kiswahili ni kimoja, lakini kila ziwa lina chake.

Alituonyesha vyumba vya daraja la kwanza, vidogo, na kitanda juu ya kitanda. Alituonyesha chumba cha kulia na mahali pa nahodha. Kisha tukashuka chini, daraja la tatu. Huko kuna mabenchi, joto, na harufu ya mafuta iliyochanganyika na dagaa kavu. Wapagazi walikuwa wanapanga magunia. Mkumbuke, wapendwa, hao dagaa ni ndugu wa sambaza wetu: samaki wa Tanganyika ndio walioletwa katika ziwa Kivu karibu na mwaka 1960, na leo wanalisha nyumba zetu. Na maji ya Kivu yanashuka kwa Ruzizi mpaka pale pale tuliposimama.

Ndipo tukaona Mama Mkubwa hayupo. Tulimkuta nyuma kabisa, ameketi sakafuni karibu na ukuta, ameshika chuma. Tulidhani ni kizunguzungu. Akasema: «Hapana. Nilikuwa nimeketi hapa.»

Akatusimulia. Mwaka 1996 alikuwa ameolewa Uvira. Vita ilipofika alikimbia usiku kwa mtumbwi, mtoto mgongoni, mdogo wake pembeni. Mitumbwi ilikuwa mitatu. Ule wa nyuma haukufika. Mpaka leo hakuna anayejua ni watu wangapi walikuwa ndani yake, wala ni akina nani wote, maana hakuna aliyewaandika. Mama Mkubwa anawakumbuka wawili tu: jirani wake na binti wa jirani.

Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa ulikodi Liemba kuwarudisha wakimbizi wa Kongo nyumbani, makumi ya maelfu ya watu, safari kwa safari. Yeye alirudi hivyo. Alisema: «Kabla ya kupanda waliniuliza jina langu na la mtoto, wakaandika. Nikalia. Watu walifikiri nalia kwa furaha ya kurudi. Nililia kwa sababu sasa, kama tungezama, mtu angejua ni sisi.»

Hatukuwa na la kujibu. Yule kijana wa meli alivua kofia. Baadaye alituambia kwamba mwaka 2015 Liemba ilifanya kazi ile ile tena, ikiwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga.

Tulitoka wakati jua linaelekea upande wetu wa Kongo. Mlangoni askari alifungua kitabu tena, akatuhesabu: kumi walioingia, kumi waliotoka. Safari hii hakuna aliyeona ni kazi ya kuchosha.

Wapendwa, wengi wetu tunavuka Kivu kila juma kwa biashara: Idjwi, Kalehe, Minova, Goma. Mara ngapi tunapanda mtumbwi au boti bila mtu kutuuliza jina? Mara ngapi mama anapanda na watoto watatu na orodha inasema abiria mmoja? Tunasema tuna haraka, soko halingoji. Kwa hiyo chama kimekubali mambo matatu. Usipande kama jina lako halijaandikwa, na majina ya watoto wote. Usipande kama hakuna jile ya kuokolea maisha. Na kabla ya safari, umwachie jirani karatasi yenye jina la chombo na majina ya wote unaokwenda nao. Karatasi moja tu, hata ya daftari la shule.

Mama Mkubwa ameanza tayari. Juma hili, kabla ya kwenda Idjwi, alileta karatasi yake kwetu. Chini ya jina lake ameandika pia majina mawili: la jirani wake wa Uvira, na la binti yule.