Kobe Ndani ya Kivinjari

Wengi wetu tumezoea kukiona kivinjari cha kompyuta kama dirisha. Unalifungua, unachungulia, unalifunga. Ukurasa umeandikwa na mtu mwingine, huko mbali, na kazi yako ni kusoma, kubonyeza na kusubiri. Hata hivyo, kivinjari cha kwanza hakikuwa hivyo. Tim Berners-Lee alipokiandika mwishoni mwa mwaka 1990 katika kituo cha CERN, karibu na mji wa Geneva, kilikuwa vilevile chombo cha kuandikia. Mtu aliweza kufungua ukurasa wake, akausahihisha palepale, akauhifadhi. Kilichokuja kuenea duniani ni Mosaic, kilichotoka katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1993, ambacho watu walikipenda kwa ajili ya picha zake. Nacho kilikuwa cha kusoma tu. Tangu hapo msomaji na mwandishi wa mtandao wakawa watu wawili mbalimbali. Sikuwahi kulitafakari jambo hili mpaka niliposhiriki kazi ya kuongeza uwanja wa kuandikia programu katika kivinjari cha wanafunzi.

Kivinjari chenyewe si cha ajabu. Kilitengenezwa na kikundi kidogo cha walimu na mafundi kwa ajili ya shule za sekondari ambazo intaneti yake ni ya kubahatisha. Masomo yote yamewekwa katika kompyuta moja ya shule, na zile nyingine huyachukua humo. Mwanafunzi anafungua biolojia au jiografia, anasoma, anajibu maswali, anapewa alama, basi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na niliitwa katika kikundi hicho kusahihisha Kiswahili cha masomo. Huo uwanja ulikuwa wazo la fundi mmoja kijana, ambaye alichoka kuona kompyuta zikitumika kama vitabu vinavyokula umeme.

Wazo halikupokelewa na wote. Mwalimu mmoja aliyenizidi umri, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia, "Mwalimu, watoto hawa hata kupata herufi kwenye kibodi wanahangaika, nanyi mnataka waandike programu?" Nikamjibu, "Mzee wangu, na kusoma je, tulingoja wajue herufi zote ndipo tuwape neno la kwanza?" Akacheka, lakini hakukubali. Naye alikuwa na hoja. Jirani zetu wa Rwanda waligawa zaidi ya kompyuta ndogo 200,000 za XO katika shule za msingi kuanzia mwaka 2008, na kompyuta hizo zilikuja na vifaa vizuri mno: kulikuwa na programu ya kujifunzia lugha ya Python, na hata kwenye kibodi kulikuwa na alama ya kumwezesha mtoto kutazama maandishi yanayoiendesha programu aliyokuwa akiitumia. Kifaa peke yake, bila mwalimu aliyeandaliwa, hakifanyi kazi ya mwalimu. Hilo sibishani nalo.

Mfano tulioufuata ni wa zamani kuliko mtandao wenyewe. Mwaka 1967 huko Marekani, Wallace Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walitunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto wakaiita Logo. Papert alikuwa mtu wa hisabati, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini. Baadaye lugha hiyo ikapata kobe: kwanza mashine iliyotambaa sakafuni ikiwa na kalamu, kisha alama ndogo tu kwenye kioo. Unamwambia kobe aende mbele hatua kadhaa, ageuke digrii kadhaa, naye anaacha mstari nyuma yake. Papert alisema kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms, kwamba mtoto huielewa pembe anapojiweka mahali pa kobe na kugeuka kwa mwili wake mwenyewe. Tangu hapo wengine wameyapeleka mambo haya ndani ya kivinjari. Khan Academy walifungua mwaka 2012 ukurasa ambao upande mmoja unaandika maagizo na upande wa pili picha inabadilika papo hapo. Na Scratch, ile lugha ya vipande vya rangi iliyotoka katika chuo cha MIT mwaka 2007, ikahamia kwenye kivinjari mwaka 2013. Sisi hatukuvumbua kitu. Tulitaka tu kobe wetu asikie Kiswahili na asihitaji intaneti.

Hapo ndipo raha ilipoanza. Tuliandika maagizo manne: mbele, kulia, kushoto, rudia. Siku ya kwanza darasa zima liliangua kicheko, kwa sababu mvulana mmoja alisoma kwa sauti "kobe, kulia tisini" akauliza kobe amefiwa na nani. Tukajadiliana kama tubadilishe neno, tukaliacha. Kicheko kile kilifundisha kuliko maelezo yangu. Jambo jingine sikulitarajia. Sisi tuliandika agizo "rudia 4", lakini wanafunzi, mmoja baada ya mwingine, waliandika "rudia mara 4", kwa kuwa ndivyo Kiswahili kinavyosemwa. Kompyuta ikawakatalia. Fundi alitaka wafundishwe kuliacha neno "mara". Mimi nikasema kompyuta ndiyo ifundishwe kulipokea, na ikafundishwa. Ilichukua mistari mitatu.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa ujumbe wa makosa. Lugha inayoendesha vivinjari ni JavaScript, iliyotungwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa siku kumi, kama inavyosimuliwa siku zote, na ujumbe wake wa makosa ni wa Kiingereza kikavu kinachomtisha hata mtu mzima. Kutafsiri neno kwa neno hakukusaidia. Ukimwambia mtoto kwamba jina "mbel" halijafafanuliwa, anaona amefokewa. Baada ya majaribio mengi tulifikia hivi: "Sijui neno mbel. Je, ulitaka kuandika mbele?" Yaani kompyuta iseme kwamba yenyewe ndiyo haijui. Huenda msomaji akaona hili ni jambo dogo. Mimi niliona mabega ya watoto yakishuka.

Kulikuwa pia na matatizo ya kiufundi, nayo nitayagusa kidogo. Maandishi ya mwanafunzi hayawezi kuachwa yatembee popote, kwani katika kivinjari hicho hicho zimo alama za wenzake. Kwa hiyo uwanja uliwekwa ndani ya ukurasa mdogo uliofungwa katika ukurasa mkubwa, na ule mdogo hauruhusiwi kugusa chochote cha mkubwa. Kisha kuna marudio yasiyokwisha. Mwanafunzi akimwamuru kobe arudie jambo milele, kobe atatii, na kwa kuwa ukurasa wa kawaida una mfanyakazi mmoja tu wa kuchora, kusikiliza vitufe na kufanya hesabu, kila kitu huganda. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, si mngeiweka kompyuta itazame kwanza kama programu itaisha?" Nilifurahi sana. Nikamweleza kwamba Alan Turing, Mwingereza, alithibitisha mwaka 1936 kwamba hakuna utaratibu uwezao kuamua, kwa kila programu itakayoletwa, kama itafika mwisho au la. Si kwamba bado haujapatikana, hauwezi kuwapo. Kwa hiyo tulifanya kama afanyavyo mama mwenye chungu jikoni: tulimpa kobe mfanyakazi wake wa pembeni, tukaweka saa, na zikipita sekunde tano bila habari, anasimamishwa na ujumbe unasema, "Kobe amechoka. Tazama kama umemwambia pa kuishia."

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Shirika lililokuwa likitupatia fedha, ambalo sitalitaja, liliufurahia uwanja huo, na kwa kuufurahia likatoa sharti. Kila mara mwanafunzi anapobonyeza kitufe cha kuendesha programu, irekodiwe: jina lake, saa, idadi ya makosa, na muda aliotumia hadi kupata jibu. Takwimu hizo zingechorwa katika grafu ili wafadhili waone maendeleo. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Mtoa fedha anataka kuona fedha zimekwenda wapi, na baadhi yetu kikundini waliona sharti lenyewe ni jepesi. Kiufundi lilikuwa jepesi kweli.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya msichana mmoja wa kidato cha pili akichora pembetatu. Alijua kutoka darasani kwangu kwamba kila pembe ya pembetatu yenye pande sawa ni digrii 60, akaandika hivyo: mbele 100, kulia 60, mara tatu. Kobe hakuchora pembetatu. Alichora nusu ya umbo la pande sita, akaishia hewani. Akajaribu 65. Akajaribu 70, 90, akarudi 60 akidhani mashine imekosea. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka thelathini na moja, nami nikauzuia mdomo wangu kwa shida. Kisha akasimama, akatembea hatua tatu sakafuni, akageuka, akatazama miguu yake. Akaketi akaandika 120. Pembetatu ikafunga. Kobe hageuki kwa pembe ya ndani. Hugeuka kwa ile iliyobaki, ya nje. Bila kuambiwa na mtu, akagawanya 360 kwa tano, akachora pande tano, kwa nane akachora pande nane. Wiki iliyofuata alikuwa akichora mkeka wenye nakshi kama ile ya bibi yake ya kusuka ukindu, akabishana nami juu ya mahali nakshi inapojirudia. Na alikuwa sahihi.

Katika grafu ya shirika, msichana huyo angekuwa wa mwisho darasani. Makosa thelathini na moja, dakika zote hizo, kwa pembetatu moja. Aliyekuwa wa kwanza siku hiyo alinakili 120 kutoka kwa jirani yake.

Tulikaa vikao vitatu. Niliwaeleza kisa hicho bila kumtaja mtoto, nao wakasema grafu inaweza kurekebishwa ili makosa yahesabiwe kuwa juhudi. Nikauliza: mtoto akishajua kwamba makosa yanahesabiwa, yawe mabaya au mazuri, je, atayafanya kwa uhuru ule ule? Yule mzee wangu aliyeupinga uwanja tangu mwanzo ndiye aliyeniunga mkono, kinyume cha nilivyotazamia. Alisema kwamba yeye katika miaka yake yote ya ualimu hajawahi kusahihisha daftari la mwanafunzi la kufanyia hesabu za pembeni, na hataki kompyuta ianze leo. Kauli yake ilibeba wengi kuliko yangu.

Tukaamua hivi: kivinjari kisirekodi lolote katika uwanja. Kazi hubaki katika eneo la mwanafunzi mwenyewe, na kuna kitufe kilichoandikwa "Mpe Mwalimu". Akikibonyeza, kazi hiyo moja inatumwa jinsi ilivyo, bila historia ya majaribio. Tuliwaandikia wafadhili hivyo kwa adabu. Walijibu kwa adabu. Mwaka ulipokwisha fedha hazikuendelea, na barua yao haikutaja sababu. Kwa hiyo sasa kazi hufanyika Jumamosi, fundi akiwa na muda, na shule mbili zilizokuwa zikingoja kompyuta bado zinangoja. Hilo linaniuma, na sijui namna ya kuwaeleza wakuu wa shule hizo jambo la pembetatu wakalielewa.

Uwanja upo. Kitufe cha "Mpe Mwalimu" kiko pembeni kulia, kidogo, rangi ya kijani, na kuna wanafunzi wanaokuja kila juma ambao hawajakibonyeza hata mara moja.