Majigambo ya Mwanasayansi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewalea wanafunzi wengi katika staha ya kutojisifu. Hata hivyo, ipo siku ambapo mwanafunzi wa kemia au uhandisi hulazimika kuketi mbele ya tarakilishi na kujieleza kwa watu asiowajua, ili wamgharimie miaka kadhaa ya utafiti. Siku hiyo milinganyo aliyoikariri haimfai sana. Kinachotakiwa ni insha.

Mfano bora ni ufadhili wa Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, ujulikanao kwa ufupi kama NSF, ambao hutolewa kwa wanafunzi wanaoanza masomo ya uzamili na uzamifu. Ulianzishwa mwaka wa 1952. Miongoni mwa waliowahi kuupata ni Steven Chu, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka wa 1997, na Sergey Brin, mmoja wa waasisi wa Google. Ufadhili huo hudumu miaka 5, na katika 3 kati ya hiyo mwanafunzi hulipwa posho, ambayo mwaka wa 2024 ilikuwa dola 37,000 kwa mwaka. Ushindani nao ni mkali: mwaka wa 2025 walioteuliwa kwanza walikuwa 1,000, kisha wakaongezwa 500.

Mlango huo ni wa raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani pekee. Mwanafunzi wa Nairobi au Eldoret hana budi kubisha kwingine. Lakini masharti yake yanafunza, kwa kuwa wafadhili wengi huuliza maswali yayo hayo. Mwombaji huandika insha mbili: kurasa 3 kuhusu maisha na malengo yake, na kurasa 2 kuhusu utafiti anaokusudia. Waamuzi hupima mambo mawili: ubora wa kitaaluma, na manufaa ya kazi hiyo kwa jamii.

Hapa ndipo staha inapomponza mwombaji. Yule aliyeunda kifaa kwa mikono yake huandika kwamba "alishiriki katika mradi." Mwingine, akijaribu kujinasua, hujirundikia vivumishi: yeye ni hodari, ana bidii, anapenda sayansi tangu utotoni. Wa tatu husimulia ufukara wa kwao kana kwamba anaomba sadaka. Wote watatu hukosa kwa sababu moja: msomaji hamalizi kurasa zao akijua walitenda nini.

Ajabu ni kwamba fasihi simulizi ilikwisha kulitatua suala hili. Katika majigambo, jagina haishii kudai kwamba yeye ni shujaa. Hutaja pigano, hutaja mahali, humtaja adui na kueleza alivyomshinda. Sifa hutokana na tendo. Mwanasayansi naye anahitaji mbinu iyo hiyo, ila aache chuku, maana waamuzi ni wataalamu.

Tuseme mwanafunzi wa mikrobiolojia kutoka Makueni anaomba ufadhili ili achunguze sumukuvu katika mahindi. Akiandika kwamba anataka kuisaidia jamii, atakuwa amesema lililosemwa na kila mtu. Lakini akieleza kwamba mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, kwamba kuvu hustawi mahindi yanapohifadhiwa kabla ya kukauka vyema, na kwamba yeye amepima unyevu katika maghala ya kijijini mwake msimu mzima, hatakuwa na haja ya kivumishi hata kimoja. Hata kisa cha ufukara wa kwao kitapata mahali pake, kwa sababu kitaeleza alikoujulia mwiko wa kumpa mtoto uji wa mahindi yaliyoota ukungu.

Sifa zenyewe ziachiwe walimu katika barua zao za mapendekezo. Humo methali ya wahenga hupata haki yake, kwani kizuri huuzwa na aliyekiona. Lakini mwalimu naye hawezi kusimulia asichokijua. Mwombaji mwerevu humwendea mapema, akiwa na rasimu ya insha na orodha ya kazi alizofanya, wala hamkurupushi siku mbili kabla ya makataa.

Suala hili linazihusu pia idara za Kiswahili. Yapo mazoea ya kudhani kwamba insha ni mzigo wa wanalugha na maabara ni ya wanasayansi, ilhali kijana mwenye wazo la kuokoa maisha anaweza kunyimwa fedha kwa kukosa aya moja iliyo wazi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayemketisha jirani yake wa uhandisi na kumwambia, "Nieleze utafiti wako kama unavyoweza kumweleza nyanya yako," anamfanyia hisani kubwa. Likieleweka kwa nyanya, litaeleweka kwa waamuzi.