Garsen: Njia ya Kwenda Mtoni



Wasomaji wetu watukufu, juma lililopita hatukuonekana katika ukurasa huu kwa kuwa tulikuwa safarini Garsen. Wengi wenu mwaijua nchi ile kupitia dirisha la basi la Lamu tu. Hulala Marereni, huamka kidogo Minjila, pale njia ya Lamu na njia ya Hola zinapoachana, kisha hulala tena mpaka Witu. Nasi tumepita hivyo mara nyingi katika miaka hii kumi na miwili. Safari hii tulishuka, na leo twataka kuwaeleza kwa nini tulishuka, na kwa nini tulikawia kushuka.

Tuliondoka Malindi baada ya swala ya alfajiri. Ukivuka daraja la Sabaki na kuiacha Mambrui, nchi hubadilika polepole. Minazi hupungua, mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hung'aa upande wa bahari, kisha huingia nyika yenye miti mifupi na vumbi jeupe. Mwezi huu wa Shaaban umeangukia katikati ya kaskazi, na jua la kaskazi halina huruma. Tulipofika karibu na Tarasaa tulikuta makundi ya ng'ombe yakivuka barabara, mbavu zao zahesabika, yote yaelekea upande mmoja. Dereva alizima injini akangoja. Hakuna aliyenung'unika, kwani kila mtu ndani ya gari alijua wanyama wale wanakwenda mtoni na kwamba hawana pengine pa kwenda.

Mto wenyewe ni Tana, mrefu kuliko yote ya Kenya. Huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapitia mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha ukashuka katika nchi kavu mpaka ufike hapa chini, ambapo hutawanyika katika matawi na mabwawa kabla ya kuingia baharini kwenye ghuba ya Ungwana. Wapokomo hulima kandokando yake: mpunga, ndizi, mahindi na miembe. Waorma na Wawardei hufuga ng'ombe, na kila kiangazi huwaleta mtoni kunywa na kula majani. Njia zinazopita katikati ya mashamba kwenda majini huitwa malka. Malka si barabara ya serikali. Ni mapatano ya wazee, Gasa kwa upande wa Wapokomo na Matadeda kwa upande wa Waorma, kwamba mifugo itapita hapa wala haitapita pale. Malka ikiwa wazi, watu huuziana maziwa na ndizi. Malka ikizibwa na shamba jipya, au mchungaji akiiacha akaingia katika mpunga wa mtu, hapo hupatikana neno, na neno likimfikia mwenye kutafuta kura huwa kubwa kuliko mto.

Nchi hii tuliijua ujanani. Katikati ya miaka ya 1990 tulisomesha madrasa Garsen, na huko ndiko tulikofuatana na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mpokomo na Mkristo, kutoka kijiji kimoja karibu na Ngao. Hatutamtaja jina, tutamwita Mwalimu, kama wamwitavyo wanafunzi wake wote. Jioni alikuja barazani petu kunywa kahawa na kutuuliza maana ya maneno ya Kiarabu yaliyomo katika Kiswahili, nasi tulimwuliza hesabu. Yalipokuja mafuriko ya El Niño mwishoni mwa mwaka 1997, Garsen ikawa kama kisiwa, tulikaa naye siku tatu juu ya tuta moja pamoja na watoto wa madrasa na wa shule, Waislamu na Wakristo, na mtumbwi uliotutoa ulikuwa wa mjomba wake. Ndiye pia aliyetuambia kwamba sauti ya wimbo wa taifa letu ilichukuliwa kutoka katika wimbo wa kubembelezea watoto wa Kipokomo. Tangu siku hiyo kila tuusikiapo wimbo ule tunamkumbuka mama aliyemnyamazisha mwanawe kando ya Tana.

Sasa tufike mahali pagumu.

Mnamo tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa, wakauawa watu 52, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikaja zamu ya Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, na Desemba ikawa Kipao. Walikufa zaidi ya watu 100, Wapokomo na Waorma, na askari miongoni mwao. Serikali iliweka kafyu na kuunda tume chini ya Jaji Grace Nzioka. Uchaguzi ulikuwa Machi 2013, wa kwanza wenye magavana, na kila mtu alikuwa akihesabu nani atakuwa wengi wapi. Malisho na maji vilikuwa chanzo cha zamani. Siasa ilikuja juu yake kama mafuta juu ya makaa.

Katika siku hizo sisi tulikuwa tumeshahamia Malindi. Usiku mmoja, barazani baada ya isha, mtu alisema amepigiwa simu kwamba nyumbani kwa mwalimu mmoja huko Ngao kumefichwa silaha. Akatutazama, kwani alijua usuhuba wetu. Tulipaswa kusema: “Huyu twamjua, na hatusadiki.” Hatukusema hivyo. Tulisema: “Siku hizi humjui mtu.” Kesho yake maneno yale yalikuwa sokoni, na sasa yalikuwa na sanadi, kwamba hata shehe aliyeishi naye amesema.

Baadaye tulijua ukweli. Ndani ya nyumba ile walikuwamo watu, si silaha. Mwalimu alikuwa amewaficha wanafunzi wake wawili wa Kiorma, wakalala chini ya kitanda chake usiku kadhaa mpaka ikapatikana gari ya kuwatoa. Wasomaji, sisi kila Ramadhani tunawafundisha watu kwamba haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake, mpaka mwenyewe aendewe na kuombwa radhi. Tulilifundisha hilo Ramadhani kumi na mbili, na Ramadhani kumi na mbili hatukwenda.

Mwezi uliopita simu yake ikaingia. “Shehe, nimerudi kutoka Marekani. Nina mzigo wa kupeleka kwa mama mmoja upande wa Waorma. Nakuomba unisindikize, maana peke yangu mguu mzito.” Hakututajia jambo lolote jingine.

Tulimkuta Minjila chini ya kivuli cha duka, ndevu nyeupe, koti mkononi katika joto lile. Alikuwa amekaa tangu Oktoba hadi mwisho wa Januari kwa bintiye, ambaye ni muuguzi wa zamu za usiku katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Njiani, juu ya bodaboda na kisha kwa miguu, alitusimulia.

“Wiki ya kwanza nilidhani mtaa umehamwa,” alisema. “Nyumba nzuri, nyasi zimekatwa, na hakuna mtu nje. Asubuhi basi la njano la shule likisimama, magari ya pande zote mbili yanasimama kungoja mtoto mmoja avuke. Nikasema, hawa wanamheshimu mtoto. Lakini mtoto akishaingia basini, kimya tena hadi jioni.”

Ulikuwa msimu wa uchaguzi wao. Jirani wa kushoto alikuwa amechomeka kibao cha Trump katika bustani yake, na wa kulia kibao cha Harris. Mwalimu, mtu wa Tana, aliviona vibao vile akaingiwa na hofu. Alimwuliza bintiye kama wamepanga mahali pa kukimbilia. Binti alicheka. Tarehe 5 Novemba watu wakapiga kura, na siku chache baadaye vibao vikang'olewa. Januari theluji ilipoanguka, binti alirudi kutoka zamu yake alfajiri akakuta njia ya mlangoni pake imesafishwa. Aliyeisafisha kwa mashine yake ni yule mzee wa kushoto, ambaye hakungoja hata kushukuriwa.

“Basi ni watu wema,” tukasema.

“Wema,” akajibu. “Lakini nilimwuliza binti yangu, umewahi kuingia kwake? Akasema, Baba, huu mwaka wa sita, sijui rangi ya ukuta wake wa ndani.”

Tukamwuliza kama siasa za kule basi hazina madhara. Akatikisa kichwa. Alitukumbusha mji wa Springfield, katika jimbo lilelile la Ohio. Kabla yeye hajafika, katika Septemba ya 2024, ilienea habari kwamba wahamiaji wa Haiti waishio huko wanakula paka na mbwa wa majirani zao. Wakuu wa mji walisema hawana ushahidi wa kuaminika wa jambo hilo. Lakini neno lilikuwa limeshatamkwa na mgombea wa urais mbele ya mamilioni ya watazamaji, zikafuata habari za vitisho vya mabomu, na shule zikafungwa. “Shehe,” alisema, “nilipolisikia lile nikasema, hata huku malka ni zilezile.”

Hatukumjibu. Tulikuwa tunatazama chini.

Mama tuliyemwendea ana mwana kule Columbus, anayefanya kazi katika ghala la bidhaa. Mji ule una Wasomali wengi, na kijana huyo aliingia miongoni mwao. Alikutana na Mwalimu dukani penye nyama ya halali, binti alipokwenda kununua unga wa ugali. Kijana alisimama, akamtazama, kisha akamwamkia kwa sauti ya darasani: “Shikamoo, Mwalimu!” Tangu hapo kila Jumamosi alikuja kula kwao. Huko, Mwalimu alisema, hakuna aliyewauliza nani Mpokomo na nani Mworma. Waliulizwa tu wametoka nchi gani ya Afrika, na wao waliulizana habari za mto: umejaa, umepungua, mabwawa yamefunguliwa? Kijana huyo ni mmoja wa wale wawili waliolala chini ya kitanda.

Kijiji chenyewe ni nyumba za mviringo za majani, zizi la miiba katikati, na msikiti mdogo wa bati. Watoto walituona kwanza, kisha wazee wakasimama. Mwalimu hakuwa amekanyaga hapo tangu 2012. Tuliuona mkono wake ukilikunjakunja lile koti. Tukatoa salamu, ikajibiwa. Mama akatoka, akaketi juu ya mkeka, akapokea mzigo: viatu, dawa ya kupaka magoti, na picha ya mwanawe amesimama katika theluji. Aliitazama picha muda mrefu.

“Anakula?” aliuliza.

“Anakula, mama. Jumamosi anakula kwetu.”

“Na baridi?”

“Nimemwachia koti langu jingine.”

Mama hakusema zaidi. Aliingia ndani akatoka na maziwa, akampa Mwalimu kwanza, kabla yetu sisi tuliovaa kofia na kanzu. Mzee mmoja wa Matadeda akaanza kuzungumza habari za malka iliyozibwa karibu na shamba la jamaa zake Mwalimu, na wakakubaliana siku ya kwenda kuitazama pamoja na wazee wa Gasa. Hilo lilikuwa dogo, nalo lilichukua muda mrefu kuliko habari zote za Marekani.

Wakati wa kurudi, jua likiinama, tulimsimamisha Mwalimu njiani. Tukamweleza neno tulilolisema barazani mwaka ule, bila kulipamba wala kulipunguza, tukamwomba radhi.

Alikaa kimya. Kisha akasema, “Nilijua, Shehe. Lilinifikia siku ya tatu. Polisi walikuja kupekua, na wale watoto walikuwa ndani, ikabidi wapitishwe shambani usiku.” Tukaona miguu yetu haina nguvu. Hatukuwa tumejua kwamba neno letu lilifika mbali kiasi hicho. Akaendelea: “Nilingoja uje. Mwaka wa kwanza nilingoja kwa hasira. Baadaye nilingoja tu.” Akatupa mkono. Lakini hakusema imekwisha, nasi hatukumtaka aseme. Alisema, “Njoo baada ya mfungo, embe zikiwa zimekwisha tutakula ndizi.”

Wasomaji wetu, hatukuandika haya ili kuwapima Wamarekani na watu wa Tana, nani bora. Kule mtu anaweza kukusafishia njia bila kukujua. Huku tunajuana mpaka jikoni, na bado sentensi moja inaweza kutugeuza. Sheria na vibao vya bustani haviwezi kufanya kazi ya mkeka na maziwa. Na mkeka na maziwa havitulindi, ikiwa mwenye ulimi anayeaminiwa hauchungi. Suratul Hujurat imetuamuru kuihakiki habari kabla ya kuitenda, nasi twajua kuisoma kwa tajwidi.

Mwaka 2027 ni mwaka wa kura katika nchi yetu. Simu zitaingia tena barazani usiku baada ya isha, na mtu atawatazama ninyi mnaomjua jirani aliyetajwa. Hapo ndipo mtakapotakiwa kusema kwamba mnamjua.

Na Ramadhani imekaribia. Mwenye mtu wa kumwendea amwendee sasa, wala asipitie dirisha la basi kama tulivyofanya sisi.

Wabillahi tawfiq.