Cherehani za Nakivale na Nguo za Watoto Wachanga

Msafiri atokaye Mbarara kuelekea kusini-mashariki hupita kwenye migomba ya Isingiro, wilaya isifikayo kwa matoke. Mbele yake, kando ya ziwa, ndiko yaliko makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwapokea Wanyarwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Kiswahili, ambacho nchini Uganda kilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa lugha ya askari, huko ni lugha ya sokoni na ya barazani kwa fundi.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi, na cherehani ya kukanyaga kwa miguu haidai umeme. Basi kazi ya kutarizi nguo za watoto haihitaji mtaji mkubwa. Yahitaji mkono mtulivu. Fundi huondoa mguu wa cherehani na kuyashusha au kuyafunika meno yasukumayo nguo. Kitambaa hukazwa ndani ya duara la mbao kikilala chini kabisa, kinyume cha atarizivyo mtu kwa mkono, ili kigusane na uso wa cherehani. Wanafunzi wengi husahau jambo moja: ijapokuwa mguu umeondolewa, wenzo wake lazima ushushwe, la sivyo uzi hulegea na kujisokota chini.

Tangu hapo mikono ndiyo iongozayo ua. Miguu hukanyaga upesi, mikono huenda polepole. Mikono ikiitangulia sindano, sindano hupinda na kukatika. Na kwa fundi aishiye mbali na maduka ya mjini, sindano si kitu cha kuchezea.

Nguo ya kufuma huvutika, kwa hiyo huwekewa karatasi chini yake, nayo huchanwa kazi ikiisha. Hapo mafundi wenye haraka huiona kazi imekwisha. Haijaisha. Nyuma ya kila ua kuna mafundo na ncha za nyuzi, na ngozi ya mtoto mchanga huchubuka upesi. Mtoto alia usiku, mama adhani ni tumbo. Fundi mwema hushonea kipande cha pamba laini upande wa ndani.

Wazazi wengine hutaka jina la mtoto lienee kifua kizima. Nguo huwa ngumu kama ubao, na mtoto mwenyewe hukua akaiacha kabla ya miezi michache kupita. Ua dogo penye ukosi latosha, tena fedha hupungua.

Akina mama wa kambi za askari wenye cherehani nyumbani waweza kuijaribu kazi hii juu ya kitambaa chakavu. Uzi mwekundu ulowekwe kwanza katika maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe. Ukitoa rangi, usitumike.