Uzi Kwanza, Saa Baadaye

Mkono wangu wa kushoto una mzunguko wa sentimita 15 na nusu. Nimeupima mara nyingi kuliko mkono wa mteja yeyote, maana nyumbani ulikuwa kichekesho. Ndugu zangu walizaliwa na mikono ya jembe. Mimi, alisema baba, nilipewa mkono wa kushikia sindano. Mwaka 1979 akanipeleka Mwanza kwa mjomba, na mjomba akanifikisha kwa fundi saa aliyekuwa na meza kwenye baraza ya duka la vitambaa. Yule mzee alinishika kifundo, akakigeuzageuza kama mtu anayekagua muhogo sokoni, akasema, "Huyu atanifaa."

Nilikaa naye miaka sita. Mwaka wa kwanza sikugusa saa. Nilifagia, nikaosha vyombo kwa benzini, nikatafuta skrubu zilizodondoka. Kutumia sumaku ilikuwa marufuku, kwa kuwa chuma cha ndani ya saa kikishika sumaku mwendo wake huharibika; nilizipapasa sakafuni kwa kiganja. Mwaka wa pili nikaanza kufungua Seiko 5. Wajapani waliianza saa hiyo mwaka 1963, na kwetu ilikuwa ndiyo heshima ya karani, dereva na mwalimu. Haikuhitaji kutiwa ufunguo. Ilijijaza kwa mtikisiko wa mkono. Mzee alinifundisha kusoma ugonjwa wa saa kwa sikio. Kuhusu ukubwa wake na mkono wa mwenyewe hakunifundisha neno. Hilo nilijifunza kwa kukosea.

Mwaka 1985 nikarudi Nyakahura na kisanduku cha vifaa. Kwetu ni wilayani Biharamulo, kwenye barabara itokayo Lusahunga kuelekea Benaco na Rusumo, inakopita mizigo ya Rwanda na Burundi. Wateja wangu wa kwanza walikuwa madereva. Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja: ikiwa saa mbili Ngara, ng'ambo ya daraja la Rusumo ni saa moja. Kuna dereva aliyevaa saa mbili mkono mmoja, moja ya Dar es Salaam na moja ya Kigali. Rolex walikwisha kuwatengenezea marubani wa Pan Am saa ya kuonyesha majira mawili, GMT-Master, katikati ya miaka ya 1950, lakini habari hiyo ilikuwa haijafika Nyakahura. Yule dereva alinilalamikia ile kubwa kila safari: inagonga gia, inachimba mgongo wa kiganja. Ile ndogo hakuwahi kuitaja. Nami sikuuliza kwa nini.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakikimbia vita na mauaji ya Rwanda, wengi wao katika muda wa siku moja. Benaco, porini wilayani Ngara, pakawa mji wa maturubai. Nilikwenda huko na kisanduku changu, nikifikiri nitapata kazi ya kutengeneza. Watu waliniletea saa niwanunulie, wapate unga. Mzee mmoja alinipa Omega ya kutia ufunguo, ya zamani, uso wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kabla sijataja bei akairudisha mfukoni. "Ya baba," akasema. Niliisafisha bure. Nilipoifungua niliipima kwa mazoea: kasha lake milimita 34. Baba yake, kwa maelezo yake, alikuwa mtu wa miraba minne.

Ile milimita 34 ilinikaa kichwani. Vijana wa kwetu wenye mikono kama yangu walikuwa wakikataa saa za kadiri hiyo wakiziita za kike. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwanzoni karibu saa zote za mkononi zilikuwa za kike. Wanaume wa Ulaya walitia saa mfukoni na mnyororo wake, na ile ya mkononi waliiona pambo la mabibi, mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipowafundisha askari kwamba mtu hawezi kupekua koti akiwa handakini. Hata baada ya hapo zilibaki za kiasi. Calatrava ya kwanza ya Patek Philippe, mwaka 1932, ilikuwa na kipenyo cha takriban milimita 31. Datejust ya Rolex, mwaka 1945, ilikuwa ya 36. Ni juzijuzi tu, kuanzia miaka ya 1990, saa zilipovimba kufikia 44 na zaidi, na mwenye mkono mwembamba akaanza kujiona ana upungufu.

Kosa langu ni hili. Mwalimu mkuu mmoja alistaafu, na wanafunzi wake wa zamani wakachanga wamnunulie saa ya Uswisi. Walinipigia simu kutoka Dar es Salaam: fundi, tuchukue ya ukubwa gani? Nikajibu bila kuinuka kitini, "Arobaini na mbili. Ni mtu mzima yule." Saa ikaja ndani ya boksi la ngozi, ikavishwa mbele ya watu, makofi yakapigwa. Mwezi mmoja baadaye niliona mkono wake mtupu. Hakunilaumu, alinyoosha tu mkono mezani, akanivalia niione. Ilikaa kama sufuria juu ya figa moja. Nilichukua vernia. Uwanda wa juu wa mkono wake ulikuwa milimita 47. Saa, kutoka ncha ya pembe ya juu mpaka ncha ya pembe ya chini, zile zinazoshika mkanda, ilikuwa 51. Nilikuwa nimetaja namba ya kipenyo, na mkono haukaliwi na kipenyo. Unakaliwa na pembe.

Tangu siku hiyo hakuna anayetoka mezani kwangu na ushauri kabla sijampima. Uzi wa cherehani huzungushwa kwenye kifundo, alasiri, mkono ukiwa umetanuka kwa joto. Kisha napima ule uwanda wa juu. Pembe zisizidi hapo, na zilizoinamia chini zinalala vizuri kuliko zilizonyooka. Kasha likizidi unene wa milimita 12, mkono mwembamba unalibeba kama mzigo wa kichwani. Uso mweupe wenye ukingo mwembamba huonekana mkubwa kuliko mweusi wa kipimo hichohicho, na saa ya pembe nne hujaza mkono kuliko ya mviringo. Mkanda wa ngozi wa kiwandani mara nyingi ni mrefu mno. Usitoboe matundu mpaka bizimu ihamie ubavuni, tafuta mkanda mfupi. Na kabla ya kutoa hata shilingi, nakata kadibodi ya boksi kwa umbo la saa, na pembe zake, namfunga mtu mkononi aende nayo nyumbani.

Miaka michache iliyopita aliingia kijana mwenye malori matatu, amefuatana na mama yake, mkunga mstaafu wa zahanati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba."

Alitaka kumnunulia mama Rolex. Mama, aliyezoea safari za Uganda, akacheka: kule rolex ni chapati ya kuviringia mayai. Kijana alishaamua, ya milimita 41, watu waione.

"Kwani itavaliwa na watu?" mama akauliza.

Uzi ulisema sentimita 14, uwanda milimita 45. Kwanza nilimkatia kadibodi ya Cartier Tank, saa ya pembe nne iliyobuniwa mwaka 1917, ambayo kwa mikono kama yetu haina mpinzani. Aliitazama picha yake kwenye simu, akasukuma simu pembeni.

"Haina mshale wa sekunde. Nitahesabuje mapigo?"

Miaka yangu yote mezani, sikuwa nimemuuliza mtu saa yake ina kazi gani. Tukakata nyingine, ya Rolex Oyster Perpetual ya milimita 34: mshale wa sekunde mrefu, uso usio na tarehe, kasha lisiloogopa maji ya kunawa. Alikaa na kadibodi ile siku tatu, akapika nayo, akalima nayo. Siku ya nne akasema imesahaulika mkononi. Kijana, aliyekuwa akienda Dubai kutafuta vipuri, nikamsihi anunue kwa muuzaji aliyeidhinishwa tu, na alete hati zake. Ilipofika niliondoa pingili tatu, kifungo kikatulia katikati ya kifundo upande wa ndani.

Mwaka jana nilizidiwa na kizunguzungu nikiwa kazini, na jirani akamwita yule mkunga. Alinishika mkono wa kushoto, vidole vyake vikauzunguka wote na nafasi ikabaki. Alitazama saa yake, nami nikaitazama nikiwa nimeinamisha kichwa juu ya meza: mshale ukizunguka, pembe zimelala ndani ya mkono wake mwembamba, hakuna kinachoning'inia.

"Usiongee," akasema, "unanipotezea hesabu."