Mkorosho Katika Ulimwengu wa Michemraba

Ujenzi una namna nyingi. Mtu hujenga kwa udongo, hujenga kwa mawe, na katika zama hizi hujenga pia kwa maandishi ambayo kompyuta huyageuza kuwa kazi. Lakini ujenzi wote una sheria moja: chombo kisichopatana na kazi huiharibu kazi na humfedhehesha mjenzi. Sheria hiyo ilijulikana Nachingwea zamani. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, na reli ikajengwa. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Amri zilikuwa zimetangulia, na kuusoma udongo na mvua kukafuata nyuma.

Fundisho hilo lilirudi, kwa umbo dogo, katika chumba cha kijana mmoja wa Ruangwa. Kijana huyo alipenda mchezo wa Minecraft, ambao toleo lake kamili la kwanza lilitoka Sweden mwaka 2011, na ambao ndani yake dunia nzima imefanywa kwa michemraba. Siku moja mdogo wake alimwuliza, "Kaka, hapa pana mwaloni, pana msonobari, hata mgunga upo. Mbona hapana mkorosho?" Kwa mtoto aliyekulia chini ya mikorosho swali hilo lilikuwa la haki, na kaka yake akaazimia kulijibu.

Kuongeza kitu kipya katika mchezo huitwa kutengeneza modi. Toleo 1.20.1 la mwaka 2023, alilokuwa nalo, limeandikwa kwa lugha ya Java, na majina ya ndani yake yalifichwa na wenyewe. Ili mwandishi wa modi asipotee, hutumia chombo cha ujenzi kiitwacho Gradle, na katika chombo hicho huchomeka programu jalizi iitwayo Loom, maana yake kitanda cha mfumi. Programu jalizi hiyo huupakua mchezo, huyapa majina yaliyofichwa majina yanayosomeka, na kazi ikiisha huigeuza modi iwe katika majina ambayo mchezo utayapokea.

Mama yake alimpa fedha za bando kutokana na mauzo ya korosho. Kijana akaandika amri ya kwanza, na kosa likatokea, mistari mingi ikifuatana. Hakuisoma. Aliwahi kusikia kwamba dawa ya kila kosa ni kuifuta folda ya Gradle na kuanza upya. Akafuta, Gradle ikapakuliwa tena. Akafuta mara ya pili, akafuta mara ya tatu. Bando likaisha, na kosa likabaki pale pale. Akawa anamkwepa mama yake kwa haya.

Ndipo alipochukua kompyuta yake akapanda gari kwenda Nachingwea kwa rafiki aliyemzidi umri na ujuzi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kosa lasemaje?"

"Lasema ujenzi umeshindikana."

"Hicho ni kilio chake. Neno lake ni lipi?"

Kijana akasoma kwa mara ya kwanza mpaka mwisho. Kosa lilisema kwamba faili la namba 65 halikubaliki. Namba 65 ni alama ya Java 21, iliyokuwa katika kompyuta yake. Gradle yake ilikuwa 8.1, nayo haikuijua Java hiyo. Ni toleo 8.5, la Novemba 2023, lililoweza kuendeshwa nayo. Mchezo wake ulitaka Java 17, ambayo alama yake ni 61. Rafiki alikuwa na Java 17 katika flashi. Wakaihamisha, wakaionyesha kompyuta mahali ilipo, na kwa mtandao wa rafiki Loom ikapakua vyote ilivyovihitaji. Mchezo ukafunguka.

Lakini mkorosho ulitokea umevaa miraba myeusi na ya zambarau, ambayo ni dalili ya picha iliyokosekana. Safari hii kijana hakufuta kitu. Alisoma. Jina la folda ya picha lilikuwa katika wingi, kama alivyofundishwa na mwongozo wa kale. Tangu toleo 1.13 la mwaka 2018 jina hilo huandikwa katika umoja. Akaondoa herufi moja, na gome la mti likaonekana.

Aliporudi Ruangwa aliijenga modi mbele ya mdogo wake bila mtandao, maana mafaili yote yalikwisha hifadhiwa. Kisha akamwendea mama yake.

"Mama, fedha zako niliziteketeza kwa sababu sikusoma."

"Na sasa umesoma?"

"Nimesoma."

Mama akautazama mti ule katika kioo kwa muda. "Una mabibo?"

"Bado, mama."

"Basi haujawa mkorosho."

Kijana akacheka, akaketi tena mbele ya kompyuta. Kazi ilikuwa haijaisha, lakini njia yake ilikwisha julikana.